Vidonge Nilivyoviita Lishe

Ijumaa ile nilitakiwa kukataa, nikakubali. Mdogo wangu Bakari aliingia kwangu Yombo Vituka baada ya swala, jasho linamtoka, katoni kwapani, nyuma yake wanaume wawili waliovaa tai. Aliiweka katoni juu ya mkeka palepale tulipokuwa tumetandika kula, akasema, "Kaka, kazi hii nimeianzia nyumbani. Nikikataliwa na nyie, huko nje nitaaminiwa na nani?"

Alisema hivyo mbele ya wageni. Anayetoka kwetu Lindi ataelewa. Kaka aliyebaki mahali pa baba hamwangushi mdogo wake mbele ya watu asiowajua. Akitaka kumkatalia humwita pembeni, na siku ile pembeni hapakuwepo.

Bakari alikuwa amejiunga na watu wanaouza virutubisho: vidonge vya madini, unga wa majani, mafuta ya samaki. Walimpa koti jeupe la kuvaa kwenye semina, na mtaani wakaanza kumwita Dokta. Aliamini kila alichokisema. Nalitaja hili mapema kwa sababu najua msomaji atamtafuta mtu mbaya. Bakari vidonge hivyo alikuwa anavimeza na yeye.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "magoti hayo nipe miezi miwili tu. Utacheza ngoma."

"Hebu jitazame kwanza," Somoe akamjibu. "Kichwa kimebaki uwanja wa ndege, na dawa unazo. Anza kuotesha nywele zako, mie magoti yangu yatasubiri."

Wageni walicheka mpaka tai zikawapinda. Bakari naye alicheka, kisha akanigeukia mimi. Somoe akanitazama pia. "Mwenye nyumba huyo hapo," alisema. "Akisema nimeze, nitameza."

Nilisema, "Atatumia."

Wakati ule Somoe alikuwa na miaka sitini na sita na hakuwa mgonjwa. Magoti yalimuuma asubuhi, nywele zilipungua, basi. Alikuwa anakwenda sokoni na kurudi na kikapu cha muhogo kichwani huku anaongea na kila mtu njiani. Ilikuwa masika, na watu bado walikuwa na hofu ya ule ugonjwa wa mapafu uliotupitia, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na chupa ya kitu fulani cha kuongeza kinga. Chupa yetu ilikuwa ya madini ya zinki.

"Si dawa, kaka," Bakari alinisisitizia. "Dawa ina madhara. Hii ni lishe, sawa na mchicha."

Kwenye chupa paliandikwa kidonge kimoja kwa siku. Bakari alisema kwa mama wa umri ule ni viwili. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, na nimekaa ghala la kiwanda miaka zaidi ya ishirini nikisoma maandishi ya maboksi. Niliyaona maandishi yale vizuri. Nikafuata maneno ya Bakari. Kazi ya kumpa nikaichukua mwenyewe: kila asubuhi, uji ukishapoa kidogo, namwekea vidonge viwili kiganjani. Alikuwa anakunja uso. "Vinaacha ladha ya ufunguo mdomoni," alisema. Mimi nikamwambia kitu chenye nguvu lazima kiwe na ladha.

Miezi ya kwanza alisema magoti yamelegea kidogo. Sijui kama yalilegea kweli au alitaka nifurahi. Bakari alituomba tukatoe ushuhuda kwenye semina yao, katika ukumbi mmoja wa harusi huko Temeke. Somoe alikataa kupanda jukwaani, akasema hana sauti ya kipaza sauti. Nikapanda mimi. Nilisema mke wangu alikuwa hawezi kuinama na sasa anainama, jambo ambalo hata siku mbaya halikuwa kweli, maana kuinama alikuwa anainama. Watu walipiga makofi. Nikishuka, bibi mmoja aliyejifunga leso ya bluu alinishika mkono. Alisema anatoka Kiwalani na mikono yake inakufa ganzi. "Mzee mwenzangu, ni kweli lakini?" Nikamwambia, "Ni kweli, mama." Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya chupa.

Mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipoanza, Somoe alianza kukaa chini njiani. Kwenda dukani, ambako ni mwendo wa kumaliza salamu tatu, alipumzika mara mbili kwenye vibaraza vya watu. Alisema moyo unampiga masikioni. Viganja vyake vilipoteza wekundu, na ndani ya midomo akawa mweupe. Zuhura, binti yetu, anayefundisha shule ya msingi Kinyerezi, alikuja Jumapili, akamshika mama yake kope la chini, akalivuta, akaniangalia.

Tulikwenda kituo cha afya. Foleni ilianzia mlangoni ikaishia kwenye ua la michongoma. Muuguzi alimtoboa kidole, akaangalia kipimo, akarudia tena kwa kidole kingine. "Bibi, damu yako ndogo sana. Unakula?"

"Nakula, mwanangu. Mpaka huyu mzee wangu ananilalamikia."

Akaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, vile vyekundu wanavyopewa wajawazito. Jambo hilo lilimchekesha Somoe. "Watu wakiviona watakupongeza," aliniambia. Kisha muuguzi akaniuliza swali ambalo niliulizwa baadaye katika vyumba vingine vingi: "Kuna dawa nyingine yoyote anayotumia?"

"Hakuna," nilijibu.

Sikuona kwamba ninadanganya. Nilikuwa nimeambiwa ile si dawa, na neno hilo lilikuwa limenikaa kichwani kiasi kwamba chupa yenyewe haikunijia hata kwa kumbukumbu. Hakuna anayeulizwa dawa akataja mchicha.

Jioni ile nilifanya kosa ambalo siwezi kumgawia mtu mwingine. Bakari hakuniambia, kampuni haikuniambia. Nilifikiri peke yangu: kama mwili umedhoofika, basi lishe iongezwe. Nikaanza kumpa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni.

Vile vyekundu havikupandisha damu. Walibadilisha aina, wakampa sindano, damu ikapanda kidogo ikashuka tena. Kabla ya mwezi wa Ramadhani alirudi kutoka kwa jirani akiwa na kandambili moja mguuni. Nyingine ilikuwa imemtoka njiani na hakujua. Mguu ulikuwa umechanika kisigino, unatoka damu, naye anauliza, "Damu ya nani hii?" Tulicheka. Naandika hivi kwa aibu: tulicheka, mimi nikamwambia ameanza uzee wa kusahau viatu.

"Si kusahau," alisema. "Nakanyaga pamba. Siku nyingi nakanyaga pamba."

Halafu ikaja kuanguka. Akichukua udhu, kila alipofikia kuosha uso na kufumba macho, aliyumba. Akifumbua, anasimama. Siku ya tatu au ya nne alianguka kabisa akaupiga uso kwenye ukingo wa karo. Nilimkuta amekaa ndani ya maji, gauni limelowa, jino moja la mbele mkononi. Alikuwa halii. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, "Baba Zuhura, nikifumba macho miguu yangu siioni."

Zuhura alikuja akiwa na mavazi ya kazini. Aliiona chupa kabatini. "Baba, hivi bado anatumia hizi za Baba Mdogo?"

"Hiyo ni lishe."

"Mie ningeomba asimamishe. Tumuulize daktari kwanza."

"Zuhura," nilisema, "usimvunjie heshima baba yako mdogo. Akisikia kwamba wewe na ualimu wako umekuja kumtilia shaka, atajisikiaje?"

Akalifunga kabati, kwa sababu mimi na mama yake ndivyo tulivyomlea. Nilikuwa naitetea heshima ya mtu ambaye hakuwepo, na aliyekuwepo amekaa kitandani na uso umevimba.

Kilichofuata ni hospitali kubwa ya mjini. Masika yalikuwa yamerudi tena. Tulikaa kwenye korido tangu alfajiri, kwenye benchi la mbao lililokuwa limeng'arishwa na makalio ya watu. Karibu yetu alikuwa mama mmoja wa Kichaga, mwalimu mstaafu, anamuuguza dada yake. Kila siku alikuja na chupa ya chai na chapati nne, na kila siku chapati mbili zilikuwa zetu. Nilipotaka kumshukuru sawasawa akasema, "Kula, baba. Ukizirai hapa nitakuwa na wagonjwa wawili." Sikuwahi kumuuliza jina lake lote. Mungu amlipe.

Damu ya Somoe ilikuwa imeshuka mpaka daktari alishangaa kuwa alifika kwa miguu, hata kama ni kwa kushikwa pande mbili. Akahitaji kuongezewa. Tukaambiwa ndugu waje kuchangia. Mimi nilikataliwa kwa umri. Walimu wenzake Zuhura walikuja wanne. Na Bakari alikuja, bila koti, akakunja mkono wa shati, akatoa.

"Sasa shemeji," alimwambia wodini, "damu yangu imo humo. Ukianza kupenda wali wa nazi usishangae."

"Mie naogopa upara," Somoe akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto. Bakari akatoka nje kwenda kulia. Nilimwona kupitia dirishani, ameegemea nguzo.

Alipoongezewa damu alipata rangi, akaomba kachumbari, akamuuliza muuguzi kama ameolewa. Wiki tatu baadaye damu ikashuka tena. Akaongezewa mara ya pili. Ikashuka. Sasa na chembe nyingine za damu zilikuwa zinapungua, zile za kupigana na maradhi, na madaktari walianza kuzungumza pembeni. Neno kansa ya damu sikuambiwa mimi, aliambiwa Zuhura, akaniambia kwenye ngazi akiwa ameshika ukuta.

Siku zile sikuwa na akili. Nilimwomba Mungu anichukue mimi, tena nikimweleza kwa hesabu ya mtu wa ghala kwamba mimi ni bidhaa ya zamani zaidi, nitoke kwanza. Asubuhi na jioni, saa za kuona wagonjwa, nilikuwa bado nampa vidonge vyangu. Nilivileta kwenye karatasi, mfukoni mwa shati. Muuguzi akigeuka, namwekea kiganjani. Siku hizo vidole vyake navyo vilikuwa vimekufa ganzi, vidonge vinamdondoka, nami nainama chini ya kitanda kuviokota, navipangusa, namtia mdomoni.

"Nipeleke Lindi," aliniambia siku moja. "Nisifie huku na machupa ya damu za watu. Nikafie kwetu."

Nilimwambia hafi. Akasema, "Wewe umejuaje? Wewe si ulisema nitacheza ngoma?" Alikuwa amekosea, aliyesema ngoma ni Bakari. Sikumsahihisha.

Kipupwe kilipoingia alipimwa uboho. Walimlaza kwa ubavu, wakaingiza sindano kwenye mfupa wa nyonga, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Hakupiga kelele. Alikuwa anamwita mama yake, aliyekufa mimi na yeye hatujaoana.

Daktari wa damu alikuwa binti mdogo wa umri, mpole, mwenye miwani mikubwa. Alituita chumbani kwake baada ya siku kadhaa. "Shikamoo babu, shikamoo bibi. Nina habari nzuri nusu. Hii siyo kansa." Zuhura alipiga magoti pale pale sakafuni. Daktari akangoja ainuke. "Lakini uboho una alama ambazo naziona mara chache. Na miguu hii, na kuyumba akifumba macho, vinanipa wazo. Naomba mnijibu taratibu. Sitaki mnitajie dawa. Nitajieni kila kitu kinachoingia mdomoni mwake. Hata majani. Hata udongo."

Nikaanza. Uji wa dona. Mlonge. Mchaichai. Ubuyu. Nilikuwa natafuta kingine nilipomsikia Somoe nyuma yangu.

"Na vile vya Bakari," alisema. "Mwambie na vile vya Bakari."

"Vile ni lishe," nilisema.

"Babu," daktari akasema, "hiyo lishe unayo hapa?"

Ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye karatasi, vidonge viwili vya jioni. Niliviweka mezani. Zuhura akampigia mtu nyumbani asome chupa kwenye simu. Daktari aliandika, akauliza, "Anameza vingapi?"

"Vinne."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili imepita. Mwanzo vilikuwa viwili."

Alivua miwani. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alinieleza kwa maneno machache kwamba zinki yenyewe si mbaya, mwili unaihitaji, lakini ikizidi kwa muda mrefu huizuia shaba isiingie mwilini. Na mwili unahitaji shaba, kidogo sana, kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. "Mlikuwa mnamwaga maji kwenye ndoo," alisema, "na vidonge hivi ndivyo vilivyokuwa vinaitoboa."

Shaba. Mimi shaba niliijua ya bangili na ya nyaya.

Somoe alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama vile vidonge viwili juu ya meza. Akauliza, "Kwa hiyo nikiacha nitatembea?"

"Bibi, damu itarudi," daktari akasema. "Miguu tutaona."

Damu ilipelekwa kupimwa nje ya nchi, na majibu yalikuja baada ya majuma mengi: shaba karibu hakuna kabisa. Kabla hata hayajafika alikuwa ameshaanza kupewa madini hayo, na zinki imekoma. Siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani, Zuhura aliniambia kwenye bajaji, mama yake amelala begani kwake, "Baba, nilikuambia." Mara moja tu. Hajarudia tangu hapo, lakini dawa za mama yake anazipanga yeye mwenyewe kila Jumapili kwenye kiboksi, na kiboksi hicho anakitunza jirani yetu. Hilo halijaniudhi. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Bakari alibisha kwanza. "Kaka, mbona mie natumia na sina kitu?" Nilimwonyesha karatasi ya majibu. Aliisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ameacha ile kazi. Huja siku za sikukuu, anakaa kwenye kibaraza, na Somoe humtania kutoka ndani, "Shemeji, leo umeniletea nini, saruji?" Hacheki.

Nilikwenda Kiwalani mara tatu kumtafuta yule bibi wa leso ya bluu. Mtaa ule nyumba zimebanana, na mimi sina jina wala alama ila leso. Niliuliza madukani, niliuliza msikitini. Vijana walidhani natafuta mke. Sikumpata. Kwa ajili yake, na wengine waliopiga makofi siku ile, nimeandika haya. Bibi, ukiona mikono inazidi kufa ganzi, usiongeze kidonge. Chukua kila chupa uliyonayo, kila unga, kila majani, weka kwenye mfuko, mpelekee daktari mezani, hata asipouliza. Usimwachie mumeo ajibu kwa niaba yako. Na mume usikie: mtu anayezoea kuokota kila kilichodondoka na kukirudisha mdomoni mwa mgonjwa anaweza kuwa anafanya hivyo kwa mapenzi makubwa, na mapenzi hayo hayasomi maandishi ya chupa.

Kiangazi hiki Somoe ametimiza miaka sitini na tisa. Damu yake ni nzima, hata daktari aliifurahia, viganja vimerudi rangi. Miguu haikurudi. Hatembei. Anaswali amekaa, anaogeshwa, hawezi kufunga kifungo, na chai lazima mtu mwingine aionje kwanza kwa sababu mikono yake haijui moto. Daktari ameniambia waziwazi kwamba hatasimama tena. Ameniambia pia kwamba angefika mapema, siku zile za kandambili, pengine angetembea. Nilimpa mdogo wangu neno moja la kumlinda asiaibike mbele ya wageni wawili ambao sijawaona tena, na nimelilipa kwa miguu ya mke wangu.